Nusu Pigo

Jumatatu ya pili tangu ubao wa taa wa kuita wagonjwa ufungwe pale zahanati, mgonjwa namba kumi na mbili alipitwa na mgonjwa namba ishirini na moja. Kumi na mbili alikuwa mshona nguo mwenye jino bovu, aliyefika kabla milango haijafunguliwa, na mtu wa jino bovu usimwambie habari za subira. Alipomwona ishirini na moja, kijana aliyeingia wakati yeye ameshasinzia na kuamka mara mbili, anainuka na kuelekea kwa daktari, alimtangulia mlangoni, akaweka mikono kiunoni na kutangaza kwamba hapiti mtu.

Karani wa mapokezi aliapa kwamba ameandika kumi na mbili. Kijana naye aliapa kwamba ubao umeita ishirini na moja, na mabenchi matatu ya watu wakawa mashahidi wake. Wote walikuwa wanasema kweli.

Nesi mkuu alitoka ofisini, akautazama ubao kwa muda. Juu ya namba, mahali palipotakiwa kuandikwa KARIBU, paliandikwa AKIRUB. Akarudi ndani, akachukua simu, akampigia wifi yake.

"Wifi, hujambo. Ule ubao wako umeanza kusema lugha za watu."

Wifi yake ndiye aliyeuchora na kuuunda. Karakanani walimwita Mapigo, kwa sababu hakuweza kumaliza dakika tano bila kutaja mapigo ya saa. Na si saa ya ukutani. Alimaanisha yale mapigo ya umeme yanayoongoza kila saketi ya kidijitali, mamilioni kwa sekunde, ambayo chipu zote huyasubiri ndipo zitende lolote. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mtulivu, hodari wa kazi, na hakuna saketi iliyowahi kumtisha. Aliyemtisha ni huyo wifi. Nesi mkuu alikuwa dada mkubwa wa mumewe, na katika miaka kumi na sita ya ndoa hakuwahi kuingia nyumbani kwa Mapigo bila kupitisha kidole kwenye kizingiti cha dirisha na kukitazama kile kidole. Hasemi kitu. Anakitazama tu.

Lakini zahanati ilipotaka ubao wa foleni, ni huyo huyo aliyesimama kwenye kikao akasema, "Mnaagiza wa mbali wa nini, na wifi yangu anaunda?" Kwa hiyo ubao ule ulibeba umeme, na ulibeba heshima ya familia nzima.

"Umefanyaje?" Mapigo aliuliza.

"Unageuza. Kumi na mbili inakuwa ishirini na moja. Mshona nguo amenishikia daktari mateka."

"Hebu zima, halafu washa tena."

Swichi ikalia mara mbili.

"Umekaa sawa," nesi mkuu alisema.

"Basi, wifi."

"Basi nini? Nikamwambie daktari mkuu kwamba ubao mpya unataka kuzimwa na kuwashwa kama redio ya marehemu baba?"

Jumanne ubao ulikuwa sawa. Jumatano uligeuza, Alhamisi ukageuza tena, na siku hizo mbili waliopita bila maneno ni kumi na moja, ishirini na mbili na thelathini na tatu peke yao. Ijumaa ukakaa sawa. Wagonjwa walianza kuzoea. Bibi mmoja aliyekuja kupimwa presha aliuliza mara tatu kama Daktari Akirub amefika, kwa kuwa hawa wengine wanachelewesha watu.

Kufikia wiki iliyofuata, zahanati ilikuwa imeshapata maelezo yake. Jioni jengo lilifungwa na umeme wote kuzimwa; asubuhi, yeyote aliyewahi ndiye aliyewasha ubao. Wanaowahi walikuwa wawili tu: mlinzi wa getini, mzee mmoja mkimya ambaye wote walimwita Afande, na dada wa usafi. Karani, ambaye alipenda sana kuchunguza mambo yasiyomhusu, aligundua kwamba siku za balaa zote ubao uliwashwa na Afande, na siku njema zote na dada.

Habari ilisambaa jengo zima kabla ya chai ya saa nne. Afande ana mkono mzito. Kwanza aliambiwa kwa upole kwamba asijisumbue na ubao, kisha akaambiwa bila upole. Dada wa usafi naye nyota yake ikang'aa. Mtu wa maabara alimwomba amwashie hadubini yake. Karani alimletea simu iliyokufa tangu mwaka jana. Daktari wa meno, mtu msomi kabisa, alimsimamisha uani na kumwomba ajaribu pikipiki yake, mara moja tu. Pikipiki ikawaka. Tangu hapo dada alibeba ndoo kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia akiutunza.

Mapigo alifika Jumamosi mchana, wagonjwa wa mwisho wakiwa wanatoka, akiwa na begi la vifaa. Kwa kweli hakujua ubao una nini. Karakanani aliuwasha mara tatu, mara zote tatu ukasoma KARIBU, na baada ya hapo aliuacha ukiwaka wiki mbili mfululizo bila kosa hata moja. Njia nzima alikuwa akijiuliza atamwambia nini wifi yake.

Kumbe hakuhitaji kusema kitu. Nesi mkuu alimpokea na kikombe cha chai na karatasi.

"Mambo yamekwisha," alisema. "Dada wa usafi ndiye anayewasha. Siku nne sasa, hakuna tatizo. Daktari mkuu ameridhika. Weka sahihi hapo chini."

Mapigo alisoma. Ilikuwa hati ya makabidhiano, na chini kabisa mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu: Ubao uwashwe na mhudumu wa usafi peke yake. Akasoma tena. Kalamu ilikuwa pale mezani. Angeweka sahihi, angemaliza chai, angefika nyumbani mapema, na heshima ya familia ingebaki salama. Alikiri baadaye kwamba aliishika ile kalamu.

Kisha akatazama nje ya dirisha, akamwona Afande. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake getini, ila alikuwa amekigeuza. Mlinzi huketi akilitazama geti na jengo; huyu aliligeuzia jengo mgongo kabisa.

Mapigo aliweka kalamu chini, akatoka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama."

"Nasikia unaniharibia ubao wangu."

"Ndivyo wanavyosema."

"Wewe unasemaje?"

Afande alifikiri. "Mimi nabonyeza swichi," alisema. "Sijui kama kuna namna nyingine ya kubonyeza. Miaka kumi na tisa nawasha taa za jengo hili, na hakuna taa iliyowahi kunilalamikia."

"Njoo ndani, Mzee. Tuubonyeze wote."

Ukumbini alimwita na dada wa usafi, akaigeuza ile hati upande wa nyuma, akachora mistari. Kila mmoja atawasha mara ishirini, kwa zamu. Nesi mkuu alisimama kando, mikono kifuani, kama mtu anayetazama mtoto wa jirani akipanda meza.

Dada alitangulia. KARIBU. Akatabasamu kwa adabu. Afande akabonyeza. AKIRUB. Nesi mkuu akakohoa. Dada tena, KARIBU. Afande tena, na safari hii KARIBU, akarudi nyuma hatua moja kama aliyesikia ameitwa jina. Dada akabonyeza mara ya tatu.

AKIRUB.

Dada aliutazama mkono wake wa kulia kama anavyotazamwa ndugu aliyetoa siri ya nyumba. Akabonyeza tena ilipofika zamu yake, kwa kidole kingine. AKIRUB.

Walipomaliza, Mapigo alihesabu alama. Dada alikuwa amepata sawa mara nane kati ya ishirini. Afande, kumi na moja.

"Kumi na moja," Afande alisema polepole, kana kwamba anaionja.

"Basi Afande ndiye awashe," nesi mkuu alisema. "Tubadilishe hati."

"Hapana, wifi. Jumla ni kumi na tisa kati ya arobaini. Hiyo ni nusu kwa nusu, na wiki mbili mlizoziona zilikuwa bahati tu, nzuri kwa dada na mbaya kwa Mzee. Humo ndani kuna kitu kina namna mbili za kuamka, na kila asubuhi kinachagua chenyewe." Alipofika hapo alikaa chini sakafuni palepale na sketi yake nzuri. "Kipunguzi," alisema.

"Nani huyo?"

Mapigo alivuta pumzi. Alijua kinachofuata, na alijua nani atakisikia.

"Ndani ya ubao kuna saa mbili za umeme," alianza. "Moja ni ya polepole, inatoka mezani kwa karani. Kila ikipiga, inaleta herufi mbili kwa pamoja. Nyingine ni ya haraka, inapiga mara mbili kwa kila pigo moja la ile, ili zile herufi zitoke moja moja: ya kushoto itangulie, ya kulia ifuate. Hiyo ya haraka inatengenezwa na saketi ndogo tunayoiita kitanzi. Kitanzi kinasikiliza saa ya karani, kinapiga ya kwake, kinalinganisha. Kikiona kimechelewa kinaongeza mwendo, kikiona kimewahi kinapunguza, mpaka mapigo yafungamane. Hapo hakuna kosa."

"Sasa kosa liko wapi?"

"Linakuja. Ili ubao ujue sasa ni zamu ya herufi ya kushoto au ya kulia, nilihitaji saa nyingine ya polepole, humo humo ndani. Nikaichukua ile ya haraka nikaipitisha kwenye kipunguzi, kinachoruka pigo moja na kupokea moja. Lakini nilikiweka nje ya kitanzi. Hakuna anayekisimamia. Umeme ukiwaka, kinaweza kuanza kwa kuruka pigo la kwanza, au la pili. Kasi ni ile ile, ila kimekaa nusu pigo nyuma. Kikikaa vizuri unapata KARIBU. Kikikaa vibaya, kila herufi ya kulia inatangulia mwenzake."

Dada wa usafi alikuwa akihesabu kwa vidole. "A-K, I-R, U-B," alisema. "Kumbe zimebadilishana viti wawili wawili."

"Kama kuruta," Afande alisema.

Wakamgeukia.

"Kwenye gwaride," alieleza. "Amri ni kushoto, kulia. Kuruta mgeni anaanza na mguu wa kulia. Mwendo anao, hachelewi hata kidogo, ukifumba macho huwezi kumjua. Ila mguu sio. Na ataenda hivyo mpaka mwisho wa uwanja kama hakuna anayemtazama miguu."

Mapigo alimtazama mzee yule. "Mzee, mimi hilo nilifundishwa miezi mitatu," alisema.

Kisha akamgeukia wifi yake, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa bado halijasemwa. "Si mkono wa mtu. Nilichora mimi, na nilichora vibaya. Niliujaribu mara tatu tu nikaona inatosha. Kosa ni langu, wifi."

Alisubiri kidole kipite kwenye kizingiti. Nesi mkuu hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama Afande, na uso wake, ambao kwa kawaida ulikuwa mkavu kama shuka iliyopigwa pasi, ulikuwa umelegea.

"Siku nne," alisema. "Siku nne nimemfukuza mzee wa watu kwenye swichi kama nzi. Afande, nisamehe. Mimi ndiye niliyekubali maneno ya karani."

"Yamepita, mama," Afande alisema. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ila alikwenda nje, akakigeuza kiti chake kikatazama jengo, ndipo akarudi.

Kazi ilibaki. Mapigo aliushusha ubao, akaulaza kifudifudi juu ya meza ya mapokezi, akafungua mgongo wake na kuwasha chuma cha kulehemu. Dawa ilikuwa fupi kuisema: kipunguzi kiingizwe ndani ya kitanzi. Kitanzi kisilinganishe tena saa ya haraka. Kilinganishe hiyo inayotoka kwenye kipunguzi. Hapo kipunguzi kikiamka na mguu mbaya, kitanzi kitaiona ile nusu pigo, na hakitatulia mpaka kimeisogeza mahali pake. Alikata kwa wembe njia moja nyembamba ya shaba, akachukua waya mwembamba kama unywele, akaanza kuulehemu kutoka mguu wa chipu moja kwenda mguu wa nyingine.

Nesi mkuu alikuwa amemwinamia begani.

"Panatoka moshi hapo."

"Ni kawaida, wifi."

"Unatakiwa utoke?"

"Unatakiwa utoke."

"Mkono wako unatetemeka."

"Unatetemeka kwa sababu unapumulia shingoni mwangu."

Nesi mkuu alirudi nyuma, kisha akafanya jambo ambalo Mapigo hakulitarajia. Alikwenda kwenye chumba cha kushonea majeraha, akarudi na taa ya shingo ndefu na koleo ndogo kuliko zote alizokuwa nazo. Akaiwasha taa, akashika ncha ya waya kwa koleo, na koleo ile haikutikisika hata kidogo. Alikuwa ameshona watu kwa miaka ishirini na mitano.

"Lehemu," alisema.

Waya ukakaa. Wakautundika ubao, Afande akabonyeza.

Haukusoma KARIBU, wala AKIRUB. Taa zote ziliwaka kwa fujo, zikacheza kama wendawazimu, halafu ubao ukawa mweusi.

"Sasa hata kile kilugha chake kimekwisha," nesi mkuu alisema.

Mapigo alifunika uso kwa viganja. Alikipitia kitanzi kichwani, hatua baada ya hatua. Kisha akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyejikamata mwenyewe. Ndani ya kile kitanzi kulikuwa na kipunguzi kingine, kile alichokitegemea tangu mwanzo, na hakuwa amekitoa. Sasa vilikuwa viwili, kila kimoja kikipunguza nusu, na kitanzi, kwa kutaka kufungamana na saa ya karani, kililazimika kukimbia mara nne badala ya mara mbili. Hakuna ubao unaoweza kuandika kwa mwendo huo. Alifungua tena, akahamisha kibano kimoja kidogo kinachounganisha njia za shaba, ili kile kipunguzi cha zamani kisitumike, akafunga.

"Mzee, tafadhali."

KARIBU.

"Tena."

KARIBU.

Dada wa usafi alisema yeye kidole kimechoka, na kwamba kwa maoni yake cheo kile cha mkono mwema kilikuwa kinamchosha siku nyingi. Watu walikuwa wameanza kumletea hata majenereta. Kwa hiyo Afande aliwasha zote arobaini peke yake. Alisimama wima, visigino pamoja, akibonyeza na kuachia, na Mapigo akachora alama. Ilipofika thelathini, nesi mkuu alikuwa akihesabu kwa sauti, na dada akimfuata. Arobaini kati ya arobaini. Wakaandika namba kumi na mbili, kwa heshima ya mshona nguo, na ubao ukasoma kumi na mbili.

Nesi mkuu aliichukua ile hati, akaufuta mstari wa chini kwa kalamu nyekundu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

"Mbona bado umekunja uso?" alimwuliza Mapigo.

"Zipo nyingine kumi na moja, wifi. Mbao kama huu, mchoro ule ule. Shule, ofisi, stendi. Lazima niwapigie wote niwaambie nimekosea."

"Piga."

"Nitapiga Jumatatu."

"Piga hapa hapa, nikusikie."

Mapigo alitafuta namba ya kwanza, ya shule moja, akaweka simu mezani ili wote wasikie. Mwalimu mkuu alipokea. Mapigo akajieleza: saketi ya ubao ina kasoro, kosa ni lake, maandishi yanaweza kujigeuza asubuhi nyingine.

"Aa, hilo," mwalimu mkuu alisema kwa furaha. "Sisi hatuna shida nalo. Tulidhani ndivyo ulivyotengenezwa. Wanafunzi siku hizi wanasoma namna zote mbili, na wiki ijayo mwalimu wa lugha anawapa mtihani."

Nesi mkuu aliivuta simu.

"Mwalimu, huo mtihani uusimamishe," alisema kwa ile sauti iliyowahi kuwalaza watu wazima wakachomwa sindano. "Tunakuja Jumanne saa tatu."

Akakata.

"Tunakuja?" Mapigo aliuliza.

"Utashika chuma na waya kwa mikono mingapi?" wifi yake alisema, akiifuta koleo yake kwa spiriti na kuifunga kwenye kitambaa safi. "Na uniletee stuli. Siku nzima ya kuinama, mgongo wangu haukubali."

Mapigo akaandika kwenye daftari lake: Jumanne, saa tatu, shule, stuli.